Vijikero vya Tanga: leteni vile ambavyo huwezi kumwambia mtu usoni

Mgosi_wa_Chuda (mleta uzi)

Wakuu, poleni na joto.

Leo sina siasa. Nataka tuyaseme yale mambo madogo ambayo huwezi kuyapeleka kwa mjumbe wala kwa wazee, maana ukiyapeleka utaonekana una roho ndogo, lakini yanakukera kila uchao. Na Tanga yetu hii, kwa ustaarabu wake, ndiyo mbaya zaidi. Mtu anakukera, unamwambia "hapana neno ndugu yangu", unatabasamu, unaondoka zako, hasira zote unakwenda kuzimalizia nyumbani kwa watu wasiohusika.

Naanza mimi. Kero yangu ni kuelekezwa njia.

Ngamiani barabara zina namba. Zimenyooka, moja inafuata nyingine, mtoto anayejua kuhesabu anaweza kumfikisha mgeni anakokwenda. Sasa muulize mtu wa hapa nyumba ya fulani iko wapi, uone kama atakutajia namba. Atakwambia "ukifika pale palipokuwa na mwembe". Mwembe ulikatwa. "Basi pita pale kwa marehemu fundi cherehani." Marehemu! "Utaona duka, siku hizi limefungwa, ila zamani walikuwa wanauza mafuta ya taa, sasa kata kushoto." Yaani ramani nzima ni ya vitu ambavyo havipo. Ili uelewe unavyoelekezwa inabidi uwe umezaliwa Ngamiani, na kama umezaliwa Ngamiani huna haja ya kuelekezwa.

Mwaka 2022, kabla ya ile sensa ya Agosti, walipita vijana wa anwani za makazi. Nguzo zikasimikwa, nyumba zikapewa namba, na postikodi yetu ya kuanzia na 21 tunayo. Nikasema sasa tumepona. Juzi nimeagiza mtungi wa gesi. Nikampa kijana wa boda jina la mtaa na namba ya nyumba kama ilivyobandikwa mlangoni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Kaka, hapo ni karibu na nini?"

Nikamwambia karibu na msikiti. "Msikiti upi?" Kwa Ngamiani hilo swali ni la haki kabisa, simlaumu. Nikarudia namba ya nyumba, taratibu, kwa sauti. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu: "Sawa kaka, nimekuelewa, sasa wewe toka tu hapo barabarani, nitakuona. Umevaa nini?" Nimevaa msuli, ndugu zangu. Nikatoka na msuli wangu mpaka kona, nikasimama na kupunga mkono kila inapopita pikipiki yenye mtungi. Mtungi wa kilo 15 nikaubeba mwenyewe toka kona mpaka mlangoni, na kibao cha namba kinaning'inia pale kinanitazama.

Halafu kuna "hapo tu mbele". Nimewahi kuambiwa Pongwe ni hapo tu, nimesimama Mkwakwani, kwa miguu, jua la saa saba. Aliyeniambia alikuwa juu ya baiskeli, na alikuwa anakwenda upande mwingine.

Haya, leteni za kwenu. Sharti ni moja: kero iwe ndogo. Ukileta ya kiwanja cha urithi nitakuomba ukafungue uzi wako.

Binti_Makorora

Nimecheka hapo kwa marehemu fundi. Nyumba tunayokaa sisi inaitwa kwa Mama Asha. Sisi Mama Asha hatumjui, wala aliyetuuzia hamjui. Ila ukikataa kwamba hapa si kwa Mama Asha hutaletewa chochote, hata barua ya harusi.

Yangu mimi ni ya simu. Mtu anakuandikia "Mambo". Unajibu poa. "Za tangu juzi?" Nzuri. "Watoto?" Wazima. "Na kazi?" Hapo moyo umeanza kwenda mbio, unajua shida inakuja, lakini haiji. Anasema "Kuna kitu nataka kukuuliza". Uliza. Kimya. Unaona kabisa yuko hewani, kabadilisha hadi picha, lakini swali hakuna. Jioni anarudi: "Samahani nilibanwa, mambo?" Tunaanza upya kwa watoto na kazi. Kumbe alitaka namba ya fundi friji!

Sisemi watu wasisalimiane. Salamu na shida vije pamoja kwenye meseji moja, ni hilo tu. Na wale wa kutuma sauti ya dakika nne ambayo tatu za kwanza ni "eeh, sasa, yaani, kama nilivyokwambia" na jogoo wa jirani yao, Mungu anawaona.

Kipande_cha_Reli

Jogoo 😂😂 Mimi mjomba wangu akituma sauti huwa nasikiliza kwanza dakika ya mwisho. Ya mwanzo ni dua.

Baharia_Mstaafu

Vijana, asalaam alaykum.

Mimi nina moja, nayo ni shikamoo ya mbio. Kijana yuko juu ya baiskeli, amekwishanipita, ndiyo anaitupa shikamoo kwa nyuma ya bega. Mimi huku nainua kichwa niitikie, yeye yuko mtaa wa pili. Marahaba yangu nimpe nani? Kama una haraka nipungie mkono, nitaelewa, na mimi nilikuwa kijana. Shikamoo inataka mtu asimame, walau apunguze mwendo. Zamani mtu alishuka kwenye baiskeli kabisa, akaikokota mpaka amekupita.

Dada_wa_Mikanjuni

Mzee wangu, shikamoo (nimesimama).

Heri wewe unapewa unayostahili. Mimi nauza duka la vifaa vya shule, naamkiwa na mibaba yenye ndevu mpaka kifuani. "Shikamoo mama." Nikiitikia najizeesha. Nikikataa naonekana najifanya mtoto. Nimebaki kusema "karibu" kwa sauti kubwa ili nifunike. Kuna mmoja kaniamkia, baadaye tukagundua tulimaliza darasa la saba mwaka mmoja, na bado aliporudi akaniamkia tena.

Baharia_Mstaafu

Marahaba binti yangu. Huyo wa pili alikuwa anataka punguzo.

Wakala_Nguvumali

Mimi ni wakala wa hela za simu, naona binadamu wa kila aina dirishani.

Nambari wani: mtu anakuja kutoa hela. Kiasi anakinong'ona, anajibinya kabisa kwenye nondo za dirisha ili aliye nyuma asisikie kwamba anatoa elfu thelathini. Halafu simu ikimtaka namba ya siri anaitaja kwa sauti huku anabonyeza, foleni nzima inasikia. Mimi naziba masikio yangu mwenyewe. Nikimwambia mama, hiyo ndiyo siri, ananijibu "aah, hapa wote watu wetu". Basi na ile elfu thelathini tungeitangaza.

Ya pili: "weka na ya kutolea". Anayekudai akisema hivyo sawa, hela ni yake na anataka ifike kamili. Lakini anayekuomba? Mtu kakopa elfu ishirini, wewe mwenyewe umeitoa kwa machozi, umeshabonyeza, umeshakatwa, ndiyo anapiga: "Nimeiona mkubwa, ahsante sana, ila hukuweka ya kutolea." Ile tabia ilikuwepo hata kabla ya tozo za 2021. Tozo ziliipa cheti tu.

Mgosi_wa_Chuda

Wakala umenigusa penye kidonda. Yupo ndugu yangu mmoja ombi lake huwa linakuja na hesabu kamili: "Naomba elfu kumi, tuma kumi na moja." Na utatuma, maana kumwambia "ya kutolea jitegemee" ulimi unakwama. Ndiyo maana nikasema tatizo letu watu wa huku si kero zenyewe. Ni kwamba hatujui kusema hapana kwa mdomo. Tunasema "inshallah", tunasema "tutaona", tunasema "kesho pita".

Konda_wa_Kange

Mleta uzi usituseme sisi wa daladala kabla hatujajitetea. Nimekaa mlangoni miaka mingi, nawaambia abiria ndio wenye vituko.

Unauliza "kuna wa kushuka kituoni?" Kimya. Unauliza tena. Kimya, wote wanaangalia dirishani kama wamekodi gari la kwenda kuhani. Dereva akikanyaga mafuta, mita hamsini mbele, mama wa kiti cha nyuma: "Shusha! Kwani hamkuniona?" Nilikuonaje mama, ulikuwa nyuma ya gunia la machungwa ya Muheza na gunia ni lako.

Na asubuhi, gari la kwanza, nauli haifiki hata elfu moja, mtu ananipa noti ya elfu kumi. Hana hata haya. Nikimwambia chenji sina anasema "wewe konda gani huna chenji?" Ndugu yangu, chenji naipata kwenu, wewe ndiye abiria wangu wa kwanza!

Dada_wa_Mikanjuni

Konda hapo nakuunga mkono. Ila na nyinyi mkibakiza mia mbili ya mtu mnaanza kuangalia nguzo za umeme.

Konda_wa_Kange

Mia mbili tunaikumbuka sana. Tunangoja muiulize.

Kipande_cha_Reli

Dukani nako ni hivyo hivyo. Chenji ya hamsini unapewa pipi. Sawa, nimekula pipi. Siku nimepeleka mimi pipi nne ninunue kitu cha mia mbili, yule bwana kaniangalia kama nimelewa.

Mswahili_wa_Mwanza

Naingilia uzi wa watu, mniwie radhi. Mimi mzaliwa wa Chumbageni, kazi imenileta Mwanza. Kero yangu mimi haiko Tanga, inanifuata kwa sababu ya Tanga.

Ukimwambia mtu wa bara kwamba unatokea Tanga, kuna mambo mawili tu atakuuliza. La kwanza majini. Atasogeza kiti, atashusha sauti: "Eti ni kweli huko..." Hapana, si kweli. "Lakini wewe lazima useme hivyo." La pili ni mapenzi, kwamba mwanaume akija Tanga harudi kwao. Nina mwenzangu ofisini aligoma kunywa chai niliyomtengenezea. Chai ya tangawizi! Ananiambia kwa heshima kabisa "dada, mimi nina familia". Huyo mwanaume mwenyewe, wallahi, angerudishwa kwao kwa gari la kwanza.

Tanga ina mapango ya Amboni, ina bandari, kule Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilomita 1,443. Shaaban Robert kazaliwa Tanga, 1909. Hakuna hata mmoja anayeniuliza hayo.

Mvuvi_wa_Bagamoyo

Dada pole, na sisi Bagamoyo ni vivyo hivyo. Ukisema unatoka Bagamoyo unapewa ngoma upige. Kwa kuwa chuo cha sanaa kiko kwetu, basi wote ni wasanii. Mimi navua. Kwenye harusi ya shemeji yangu Morogoro mshereheshaji akatangaza "tuna mgeni kutoka Bagamoyo, atatupigia kidogo", wakaniwekea ngoma mbele. Nikaipigapiga. Watu wakashangilia, ndiyo kilichoniudhi zaidi.

Kipande_cha_Reli

Mimi kero yangu ni wazee wa 1988. Mpira wowote ukichezwa Mkwakwani, Coastal ikifungwa goli, lazima mtu nyuma yako aseme "mwaka 88 tulipochukua ubingwa". Sawa mzee, tulichukua. Mimi sikuwa nimezaliwa, naujua ule msimu kuliko huu wa sasa.

Baharia_Mstaafu

1988 nilikuwepo. Endelea kukereka.

Mwalimu_Bombo

Niongeze ya "karibu chakula".

Mtu wa pwani hali peke yake akiwa na macho ya watu mbele yake. Hata ndani ya basi la Dar, ukifungua mkebe wako pale Segera lazima umwambie wa kiti cha pili "karibu". Naye kwa mila zile zile anajibu "ahsante, nimeshakula", na mambo yanakwisha kwa amani. Ndivyo tulivyolelewa na ndivyo inavyotakiwa kwenda.

Sasa safari hii nilikaa na kijana mmoja. Nimefungua mkebe, nina wali wa nazi, samaki wa kupaka na kachumbari, chakula cha mtu mmoja mwenye njaa. Nikasema karibu. Akasema "ahsante, ninawe wapi?" Nikadhani masihara. Akatoa chupa yake ya maji, akanawia dirishani, akageuka ananingoja nisogeze mkebe katikati. Kumfukuza siwezi, nimemkaribisha mwenyewe mbele ya watu. Kichwa cha samaki alichukua yeye.

Mgosi_wa_Chuda

Mwalimu umeonaje sasa? Hiyo ndiyo hoja yangu. "Karibu" yako ilikuwa ya mdomoni, yeye akaichukua ya kweli. Mimi nasema tuache. Kama hutaki mtu ale, usimkaribishe. Kama hutaki kukopesha, sema sikopeshi.

Baharia_Mstaafu

Mgosi, hapo hapana. Unataka watu waseme kila walilonalo kifuani? Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, baraza moja watu watatu, adhana mnaisikia pamoja, mkikaanga samaki jirani anajua ni changu au tasi. Ukishamwambia jirani yako "sikupendi unavyokohoa alfajiri", kesho utamuomba nani akushikie mtoto? Huyo kijana wa basi hana makosa ya kukaribishwa. Kosa lake ni kichwa cha samaki. Kichwa ni cha mwenye mkebe.

Mwalimu_Bombo

Mzee umemaliza. Mkia ningempa.

Binti_Makorora

Mie nilete ya asubuhi halafu nikapike. Unaamka mapema, unakwenda kwa mama wa vitumbua, unapanga foleni na kibakuli chako. Zamu yako ikifika anakwambia "vimekwisha". Vimekwishaje? Unaviona! Pale pembeni pana sinia, juu kawa, na kawa halikufunika vizuri, vitumbua vinachungulia, vya moto, vina rangi ile ya kahawia pembeni. Unamuuliza, na vile? Hata hageuki. "Vile vya watu." Sasa mimi ni nani?

Kipande_cha_Reli

VYA WATU 😂😂😂 Na mbaazi nazo ziko hivyo. Sufuria imejaa, "hizi za watu".

Mama_Vitumbua_B15

Nimesoma uzi wote kimya, hapa mmenifikia mlangoni. Mimi ndiye huyo. Si wa Binti Makorora, maana mimi niko Ngamiani, lakini na mimi kawa ninalo.

Mchele naloweka tangu mchana. Jioni nauosha, unasagwa na tui, natia hamira na hiliki, nafunika. Ukiwahi kuuchoma kabla haujaumuka kitumbua kinakuwa kigumu, ukichelewa unachachuka. Saa kumi alfajiri nawasha mkaa. Saa hiyo nyinyi wote mmelala, hakuna wa kunielekeza nani wa kwanza. Hao "watu" ni waliopiga simu usiku na kulipa. Mwingine ana wageni, mwingine anapeleka hospitali kwa mgonjwa, yupo na wa kibanda cha chai anayechukua vyote vya karai la kwanza. Nikimuuzia Binti aliyesimama mbele yangu, yule akija atanikuta na nini? Maneno ya mtu aliyelipa halafu akakosa mimi nayajua, nyinyi hamjawahi kuyasikia.

Na mimi nina zangu, kwa kuwa leo tunasema. Wako wanaokibonyeza kitumbua kwa kidole, wakaona ni laini, wakaenda kubonyeza kwa jirani yangu. Kikishabonyezwa na kidole chako, mwenzio atakila vipi? Wako wanaotaka mfuko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, mpaka leo mtu ananiambia "nitafutie hata kamoja". Nikimfungia kwenye gazeti anasema wino unahamia kwenye kitumbua. Bakuli kwao anazo, kazifungia kabatini zinangoja mgeni. Na hao wa noti ya elfu kumi kwa vitumbua vya mia tano, Konda, njoo tulie wote.

Binti_Makorora

Mama yangu, nisamehe, nilikuwa nasema na kawa, sikusema na wewe. Sasa na mimi nataka kuwa miongoni mwa watu. Naingiaje?

Mama_Vitumbua_B15

Ni rahisi mwanangu. Unanipigia kabla ya saa tatu usiku, bakuli unakuja nalo, hela inatangulia. Na weka na ya kutolea.

Wakala_Nguvumali

Huyu anakudai, mpe.